Nyumba ya Ng'ombe Sita

Mimi nimepanga ndani ya ng'ombe kwa miaka minane, na mtu asinicheke kabla hajanisikiliza. Ng'ombe mwenyewe anaitwa Teke. Ana dirisha moja, mlango unaogoma wakati wa masika, na kona moja inayovuja juu ya kitanda changu. Majirani zangu waliishi ndani ya Baka, Kimya, Pembe, Mkia na Mama Mzee. Majina yenyewe ni ya Kinyakyusa, tena yana utamu wake, lakini ulimi wangu ni wa Kihehe, nimezaliwa Ipogolo kule Iringa, na kila nilipojaribu kuyatamka mwenye nyumba alishika kichwa kama mtu aliyefiwa. Mwishowe tukakubaliana niyageuze Kiswahili.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Yotamu, Mmoraviani wa Rungwe. Ujana wake aliumalizia Rhodesia ya Kaskazini akichimba shaba, miaka kumi na minne chini ya ardhi, akarudi na baiskeli, kikohozi, na imani kubwa juu ya mabati. Huko migodini alikuwa ameona mtu mmoja amelala kivulini huku watu ishirini waliopanga kwake wanamlisha. Akasema na yeye atalishwa. Akaomba kiwanja Mbeya mjini, mtaa wa Majengo, akafyatua matofali, akasimamisha kuta za vyumba sita, akaweka milango, na hapo fedha ya shaba ikaisha.

Kuta zikakaa bila paa, mvua za kwanza zikaanza kulamba matofali. Mzee Yotamu alikuwa na ng'ombe sita tu, na ng'ombe hao hawakuwa wake wa kuchezea. Walikuwa wamewekwa kwa ajili ya mahari ya Asukile, mwanawe wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Mzee akawaswaga mpaka mnadani, akawauza wote siku moja. Bei ya kila ng'ombe ikatosha mabati ya chumba kimoja. Basi akapanda ngazi na kipande cha mkaa, akaandika juu ya kila mlango jina la ng'ombe aliyeuzwa kuuezeka. Asukile alirudi nyumbani jioni, akakuta zizi tupu, akamtazama baba yake, akaenda kukata kuni. Nadhani afadhali angemfokea.

Mimi nilifika Mbeya mwaka 1951 kwa basi, pamoja na mke wangu Apolonia, binti yetu Evarista, na cherehani niliyoipakata njia nzima kama mgonjwa. Nikapata kazi ya kushona kwenye baraza la duka la Mhindi, na chumba kwa Mzee Yotamu. Sikujua kwamba nilikuwa sipangi. Nilikuwa nafugishwa.

Kwa Wanyakyusa, na hata kwetu ni hivyo hivyo, mtu haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Humpa rafiki amfugie. Rafiki anakamua maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na haki ya kuja kumkagua bila taarifa. Ng'ombe akifa, yule rafiki sharti apeleke ngozi kwa mwenyewe, ili ajue kwamba kweli amekufa na hakuliwa. Ni utaratibu mzuri sana kwa ng'ombe. Mzee Yotamu hakuona sababu ya kutafuta utaratibu mwingine kwa ajili ya nyumba.

Kodi aliiita maziwa. Kila mwisho wa mwezi alipanda lori kutoka Rungwe, akaingia uani, akapita chumba kwa chumba akiupiga ukuta makofi mawili, taratibu, kama mtu anayepiga ubavu wa ng'ombe kusikia kama ameshiba. Alichungulia bawaba za milango kama anachungulia meno. Masika alitaka kodi zaidi, kwa sababu masika ng'ombe hutoa maziwa mengi, na kiangazi aliipunguza bila kuombwa. Mpangaji wa Mkia, karani wa sokoni aliyesoma mpaka darasa la nane, alijaribu kumweleza kwamba chumba hakili majani. Mzee akamjibu kwamba hata yeye karani hali majani, na mshahara wake uliongezwa Machi.

Mwaka wangu wa pili mchwa wakala fremu ya dirisha. Nilimpelekea habari kwa mdomo wa dereva wa lori. Jibu likarudi na dereva yuleyule: habari ya kifo haitoshi, ngozi iko wapi? Nikapanda lori na fremu ya dirisha begani, mimi mtu mzima, fundi mwenye wateja, nikaenda mpaka Rungwe nikiwa nimekaa juu ya magunia, abiria wote wakitaka kujua ninahamia wapi na dirisha moja. Mzee Yotamu aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akainusa, akaigonga kwenye kiganja, akanitazama kwa huzuni ya kweli.

"Alikuwa anakula vizuri kabla ya kufa?" akaniuliza.

Nikasema alikula vizuri. Akaridhika, akanipunguzia kodi ya miezi miwili, na mkewe akanipa ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando. Njiani nikirudi niliapa nitahama. Apolonia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia, "Baba Evarista, mwenye nyumba gani mwingine atakulisha kwa sababu umemletea mchwa?" Tukabaki.

Mwaka 1954 Asukile akataka kuoa. Alikuwa amekuwa fundi wa malori, mpole, mikono myeusi ya grisi, na binti aliyempenda aliitwa Tupokigwe. Baba yake Tupokigwe, Mzee Andendekisye, alikuwa na kahawa nyingi na masikitiko machache. Alitaka ng'ombe sita, wala hakutaka hadithi.

Mzee Yotamu akamwambia, "Ng'ombe iko. Iko Mbeya, imesimama."

Akamleta. Nilikuwapo siku hiyo, mguu juu ya pedali ya cherehani, nikaona wazee wawili waliovaa makoti wakiizunguka nyumba yetu kimyakimya kama wako mnadani. Mzee Andendekisye hakuwa mjinga. Aliuliza kama hawa wanashikwa na ndigana. Hawashikwi. Wanaibiwa? Mwizi atawabebaje? Wanazaa? Kila mwisho wa mwezi, bila dume. Aliuliza wanakula nini, Mzee Yotamu akanionyesha mimi kwa kidole, akasema wanakula huyu. Mwishowe Mzee Andendekisye akaupiga ukuta wa Baka makofi mawili, na hapo nikajua wamepatana. Akakubali vyumba vitatu badala ya ng'ombe sita: Baka, Kimya na Pembe.

Lakini mkono mtupu haulambwi, na ng'ombe aliyebaki kwenye zizi la aliyemtoa, ametolewa kweli? Hilo Mzee Andendekisye aliliona. Akaweka sharti moja mbele ya mashahidi: binti yake akae ndani ya Baka. Atalala ndani ya mahari yake mwenyewe, ailinde. Siku atakayolala nyumba nyingine, mahari imerudi na ndoa imerudi nayo. Wote wakaitikia. Baada ya wageni kuondoka, Mzee Yotamu aliniita pembeni akicheka kifuani. Akaninong'oneza kwamba katika ukoo wao hakuna mtu aliyewahi kutoa mahari ambayo haiwezi kutembea. Amelipa, na hakuna kilichotoka. Nikamsifu, maana hata mimi niliona ni werevu. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, lakini yule mzee aliijua ila ya nyumba yake akaifanya mtaji.

Harusi ikafungwa kanisani, Tupokigwe akahamia Baka, mwezi ukaisha, Mzee Yotamu akaja kuchukua maziwa. Akafika mlango wa ua. Ndani Tupokigwe alikuwa anatwanga. Mzee akasikia mchi, akakumbuka, akaruka ndani ya mtaro wa maji machafu na koti lake la kanisani.

Kwa asiyejua nitaeleza. Kwa Wanyakyusa wa miaka hiyo, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawapishani njiani, na jina la mkwe mkamwana halitaji. Si chuki, ni heshima, na wapo walioitunza kuliko amri kumi. Wakristo wengi walikuwa wameanza kuilegeza na mchungaji alishamwambia Mzee Yotamu kwamba si dhambi kumwamkia mke wa mwanawe. Mzee alijibu kwamba mchungaji hajawahi kuwa baba mkwe. Basi mtu aliyeuza ng'ombe sita ili apate nyumba, akawa hawezi kuikanyaga nyumba hiyo. Na chumba alichokaa mkamwana kilikuwa katikati, mlango ukitazama ua wote.

Akahamia ng'ambo ya barabara. Kila mwisho wa mwezi alikaa juu ya kigoda chini ya upenu wa jirani, ameipa nyumba yake mgongo, akiisimamia kwa masikio. Sisi wapangaji tulivuka na maziwa mkononi. Alituuliza ukuta wa Kimya umepasuka? Mlango wa Mkia unalia? Mwezi mmoja alikuja na kioo cha kunyolea, akakishika mbele ya uso wake ili aione nyumba iliyo nyuma. Tukabishana asubuhi nzima kama kumwona mkwe ndani ya kioo ni kumwona. Apolonia akauliza swali moja tu, kama mtu akikuona kwa kioo wakati unaoga hutamkasirikia. Mzee akakifunga kioo ndani ya leso, hakukileta tena.

Tupokigwe ndiye aliyepata njia. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu. Siku ya kodi alisimama nyuma ya ukuta wa ua akamwambia yule kuku kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Kuku, paa la Teke linavuja, na mpangaji wa Mama Mzee anapasua kuni kwenye sakafu." Ng'ambo ya barabara Mzee Yotamu akaiambia fimbo yake kwamba mabati mawili yatakuja na lori la Alhamisi, na kwamba kuni zipasuliwe nje. Wakaendelea hivyo mwaka mzima. Sijawahi kuona nyumba iliyosimamiwa vizuri kama ile iliyosimamiwa na kuku na fimbo. Yule binti alikuwa na jicho. Alijua bati lipi litatoboka kabla halijatoboka.

Kisha ikaja barua. Ilikuwa Agosti 1955, baridi ya Mbeya iko kwenye mifupa, na aliyeileta ni Jailos, bwana afya wa mtaa wetu, Mbena wa Njombe, mtu wa haki lakini mwenye haraka. Barua ya Boma ilisema kila nyumba ya Majengo ipakwe chokaa na ichimbiwe choo chenye kifuniko cha saruji. Jumanne ya mwisho wa mwezi Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma, atapita mwenyewe. Kila mwenye kiwanja asimame ndani ya nyumba yake, afungue chumba kimoja kimoja, aingie pamoja na Bwana Shauri, kisha atie sahihi. Asiyekuwapo atahesabiwa amekiacha kiwanja, na kitapewa mwingine. Wenye viwanja wengi walikuwa wamekufa au wamepotelea migodini, na Boma ilikuwa imechoka kuandikia watu wasiojibu.

Kuku akaambiwa, fimbo ikajibu, na kwa siku tisa tukachimba choo na kupaka chokaa mpaka nyumba ikaumiza macho. Tulidhani tumemaliza: Jumanne Tupokigwe angeenda sokoni mpaka Bwana Shauri apite. Jumapili, watu wakiwa kanisani, Tupokigwe akajifungua mtoto wa kiume ndani ya Baka.

Jumatatu asubuhi Mzee Yotamu akashuka kwenye lori, akakaa kwenye kigoda chake, akaniita. Nilivuka barabara nikiwa na maneno ya utani mdomoni. Nikayameza. Mzee alikuwa ameilaza fimbo yake chini, vumbini.

Tulizunguka njia zote. Mzazi wa siku moja hawezi kutolewa kwenye baridi akalale kwa jirani, na hata angeweza, sharti la baba yake lilikuwa palepale: akilala nje, ndoa imerudi. Asukile hawezi kusimama badala ya baba yake, barua ilisema mwenyewe. Kuomba Jumanne nyingine, Jailos alisema Bwana Shauri anaondoka Jumatano. Tukarudi tulipoanzia.

"Fundi," akasema, "mimi nilikula ng'ombe ya mwanangu. Hakuniuliza hata siku moja. Sasa Boma ikichukua kiwanja, mahari imekwenda, mke anarudi kwao na mtoto. Nitamwambia nini Asukile?"

Mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nimemkasirikia yule mzee tangu siku ya dirisha. Lakini pale nilimhurumia. Nikamwambia anipe siku moja. Nikaenda dukani, nikanunua yadi kumi na mbili za amerikani kwa fedha yangu, Mhindi akaniuliza nani amekufa, nikamwambia bado.

Nilishona kutwa nzima. Nilishona chumba. Kuta nne za kitambaa, kila kona fito moja ya mwanzi, na juu nikashona paa, maana hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mzee akiwa ndani ya kitu hiki, ana paa lake. Hata akiingia Baka hawako chini ya paa moja, kila mtu yuko chini ya lake. Nilimweleza, akaniomba nirudie, akanitazama kama anavyotazamwa daktari. Akataka kujua chumba hiki kinaitwa nani. Nikamwambia hakina jina, sikukinunua kwa ng'ombe. Nikaongeza tundu la kupumulia.

Jumanne saa nne Bwana Shauri akaingia uani na Jailos na karani wa kuandika. Wapangaji wanne tulikuwa tumesimama tumeshika fito, na katikati yetu chumba cha amerikani kikikohoa. Kuku mwekundu alikitazama mara moja akaruka ukuta, hatukumwona mpaka jioni.

Bwana Shauri akauliza hiki ni nini. Jailos akamwambia ni mwenye nyumba. Bwana Shauri akauliza tena polepole, labda Kiingereza cha Jailos kimeteleza. Hakikuteleza. Jailos akaanza kumweleza habari za wakwe na mapaa, akaeleza kwa muda wa kutosha sufuria ya ugali kuiva, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Bwana Shauri ulivyozidi kujikunja. Akarudi nyuma hatua tatu, akatoa leso, akaziba pua. Neno moja tulilielewa kabla Jailos hajatutafsiria: ndui. Aliamini tumemfunika mgonjwa. Akasema mtu huyo atoke sasa hivi aonekane ngozi, la sivyo nyumba inafungwa na sisi wote tunatengwa porini wiki tatu.

Kazi yangu ya kutwa nzima, yadi kumi na mbili, ndiyo ilikuwa inatumaliza.

Kitambaa kikainuka upande mmoja, Mzee Yotamu akatoka kwa magoti. Alikuwa amefumba macho, ameyafumba kwa nguvu zake zote mpaka mashavu yamepanda. Akasimama. Jailos akamkagua mikono na shingo, akaapa hana kitu, akamshika mkono kama kipofu. Na yule mzee, ambaye hakuwa ameukanyaga ua wake kwa mwaka mzima na zaidi, akaanza kuonyesha nyumba yake. Alinyoosha kiganja, akapiga makofi mawili, akasema huyu ni Mkia. Akaingia, akatoka. Akapiga, akasema huyu ni Mama Mzee. Hakukosea hata mmoja. Alipoupiga ukuta wangu akasema huyu ni Teke, amepona dirisha, na Jailos akatafsiri kwa shida, na karani akaandika sijui aliandika nini.

Wakafika Baka. Mlango ulikuwa wazi, ndani giza, blanketi kitandani limefunika kichwa mpaka miguu. Mzee Yotamu akainua mguu kuvuka kizingiti. Mguu ukabaki juu. Sisi tulikuwa na chumba cha amerikani mikononi, lakini nani angethubutu kukileta tena mbele ya Bwana Shauri? Mzee akasimama kwa mguu mmoja, amefumba macho, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Bwana Shauri akaangalia saa yake.

Ndipo sauti ikatoka chini ya blanketi. Kuku hakuwapo wa kuambiwa, kwa hiyo Tupokigwe alisema moja kwa moja.

"Bwana, chumba hii si yake. Ni yangu. Baka, Kimya na Pembe ni mahari yangu, baba yangu alipokea mbele ya watu. Mwenye chumba nipo ndani. Ingieni."

Jailos akatafsiri. Bwana Shauri akamgeukia Mzee Yotamu, akauliza kama ni kweli.

Hapo nilijua mimi peke yangu mle uani kilichokuwa kinapimwa. Nilikumbuka kile kicheko cha kifuani, ile mahari isiyoweza kutembea. Akisema si kweli, ataingia mwenyewe au atapoteza kiwanja. Akisema ni kweli, karani ataandika, na kilichoandikwa Bomani hakifutwi kwa werevu wa pembeni. Vyumba vitatu vitakuwa vimetoka zizini kwake kweli, kama ng'ombe waliofunguliwa wakaswagwa kwenda kwa watu. Mzee akabaki na mguu wake hewani. Ndani mtoto akapiga chafya, kitu kidogo sana, kama paka.

Mzee Yotamu akauteremsha mguu, akaurudisha nyuma.

"Ni kweli," akasema. "Nilitoa. Zilikuwa ng'ombe za mwanangu toka mwanzo."

Akayasema kwa sauti ya juu, ameuelekeza uso upande ambako Asukile alikuwa amesimama na grisi yake mikononi, ingawa alikuwa hamwoni. Asukile akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala za tairi.

Bwana Shauri akaingia Baka, akatoka, akasema ni chumba safi kuliko vyote alivyoviona asubuhi hiyo. Karani akaandika majina mawili kwenye kiwanja kimoja. Mzee akatia sahihi akiwa amefumba macho, herufi zikapanda mlima. Kabla ya kuondoka Bwana Shauri alimuuliza Jailos kama kile kitambaa kiandikwe kwenye taarifa. Jailos akamshauri kisiandikwe.

Mimi nikabaki na yadi kumi na mbili zenye tundu. Apolonia alizikata, akatoa nepi za mtoto na pazia la Teke, na lile tundu likaangukia kwenye pazia, usawa wa jicho. Hakuna aliyenirudishia fedha yangu mpaka leo, nami sitaki.

Mzee Yotamu akarudi kwenye kigoda chake ng'ambo ya barabara, na mambo yakaendelea kama zamani, ila sasa maziwa ya Kimya na Pembe hayakuvuka barabara. Mwaka uliofuata Tupokigwe alianza kufyatua matofali. Alijenga kwa maziwa ya Kimya na Pembe chumba cha saba, nyuma ya Baka, mlango ukitazama barabarani. Ukuta wake hakuugusanisha na wetu. Aliacha nafasi ya shubiri moja, na juu paa halikushikana na paa. Lilipomalizika akapanda ngazi mwenyewe na kipande cha mkaa. Siku ya kodi akamwita kuku wake nyuma ya ukuta.

"Kuku, mwambie aliyenipa ng'ombe kwamba wamezaa. Ndama wa kwanza ni wake."

Ng'ambo Mzee Yotamu aliitazama fimbo yake. Akachukua leso ile aliyofungia kioo, akajifuta macho mbele ya watu, akaniomba nimbebee kigoda.

Aliishi ndani ya Ndama miaka miwili. Mjukuu wake alikuwa anatoka kwa mlango wa ua, anazunguka, anaingia kwa babu, anarudi na habari. Asubuhi mzee aliupiga ukuta makofi mawili, na upande wa pili, baada ya nafasi ile ya shubiri moja, Tupokigwe aliupiga wa kwake mara tatu. Hawakuwahi kuonana. Alifariki Mei 1958, kikohozi cha shaba kimemmaliza. Asukile alimzika Rungwe, na kwa ajili ya matanga alinunua ng'ombe, wa miguu minne.

Wiki iliyopita bawaba ya mlango wangu ilikatika. Kwa mazoea niliichukua nikavuka ua nayo hadi Baka kwa Tupokigwe, maana tangu mzee afariki ndiye ninayempelekea maziwa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akainusa, akaigonga kwenye kiganja, kisha akanitazama kwa huzuni ya kweli.

"Fundi," akasema, "alikuwa anakula vizuri kabla ya kufa?"

Nikamwambia alikula vizuri.